Holili: Mahindi yanabishaniwa, mbegu ya baridi inasahauliwa

Na Mwandishi Wetu, Holili

KILA unapozuka mvutano wa biashara ya nafaka kati ya Tanzania na Kenya, macho ya wengi huelekezwa mipakani. Machi 5, 2021, Kenya iliposimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, wafanyabiashara walibaki na mizigo njiani hadi zuio hilo lilipolegezwa kwa masharti siku chache baadaye. Kabla ya hapo, katikati ya mwaka 2017, ilikuwa zamu ya Serikali ya Tanzania kuzuia mahindi yasitoke nje ya nchi, kama ilivyokwishafanya mwaka 2011.

Holili, mji mdogo wa mpakani wilayani Rombo unaotazamana na Taveta, umeyashuhudia yote hayo. Tangu mwaka 2016 una kituo cha pamoja cha forodha ambako maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, na lori la mahindi haliwezi kuvuka bila karatasi zake kukamilika.

Lakini wakati magunia yakihesabiwa, yakipimwa unyevu na kuchunguzwa sumu, pakiti ya mbegu ya kilo mbili huweza kupita ndani ya mkoba wa mama anayerudi kutoka sokoni. Kwa mkulima wa miteremko ya Kilimanjaro pakiti hiyo ina uzito kuliko lori zima, kwa kuwa ndani yake kuna jibu la swali ambalo si kazi ya ofisa wa forodha kuliuliza: je, mahindi haya yanaweza kuvumilia baridi?

Swali hilo linaweza kuonekana la ajabu kwa mtu aliyesimama Holili saa saba mchana, vumbi na jua vikimkabili. Mji huu upo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, barabara inayotoka Himo kupitia Mwika na Mkuu inapanda hadi Tarakea, ambako pia ni mpakani, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,500. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hiyo vituo hivyo viwili vya mpakani, vyote vya Rombo, vinatofautiana kwa nyuzi tatu, nne au zaidi, na mashamba yaliyo juu yake yanatofautiana zaidi.

Kwa binadamu tofauti hiyo ni suala la kuvaa sweta. Kwa mmea wa mahindi ni suala la kuvuna au kukosa.

Mahindi asili yake ni Mexico, ambako yalianza kulimwa miaka ipatayo 9,000 iliyopita, na kwa sehemu kubwa yamebaki kuwa mmea wa nchi zenye joto. Joto likishuka hadi karibu nyuzi nane, ukuaji wake husimama. Wataalamu wa kilimo huhesabu umri wa mahindi kwa jumla ya joto ambalo mmea umelipata juu ya kiwango hicho, wala hawaishii kwenye siku za kalenda. Mfano wa hesabu unasaidia: mbegu inayokomaa kwa siku 120 mahali penye wastani wa nyuzi 23 hukusanya nyuzi 15 kila siku, jumla 1,800. Mbegu hiyo hiyo ikipandwa juu, ambako wastani ni nyuzi 17, itakusanya nyuzi tisa tu kwa siku, na itahitaji siku 200 kufikia jumla ile ile. Miezi minne imekuwa sita na nusu.

Na huo ni ucheleweshaji tu. Upo pia uharibifu.

Wakazi wa Moshi wanajua kwamba asubuhi ya Julai mafuta ya nazi huganda ndani ya chupa wakati ya alizeti, kwenye rafu ile ile, yanaendelea kumiminika. Jambo linalofanana na hilo hutokea ndani ya mmea. Kila chembe hai imezungukwa na utando mwembamba wenye mafuta. Kwenye mmea usiozoea baridi utando huo hukakamaa, maji na chumvi hupita ovyo, na jua likitoka ghafla baada ya usiku wa baridi majani hushindwa kulitumia na kugeuka manjano. Mmea wenye ustahimilivu hubadilisha aina ya mafuta ya utando wake ili ubaki laini. Maelekezo ya kufanya hivyo yameandikwa katika vinasaba, nayo hurithiwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto.

Ikumbukwe kwamba baridi inayozungumzwa hapa si ile ya barafu. Mashamba ya mahindi ya Kilimanjaro hayagandi. Tatizo lake ni baridi ya kawaida inayodumu wiki nyingi, Juni hadi Agosti, mawingu yakiwa yameufunika mlima na jua likionekana kwa saa chache. Ndiyo maana si kila mmea unaosifiwa kwa kuhimili baridi huko Ulaya au Kanada unafaa hapa. Mahindi ya huko yamezoea siku ndefu za kiangazi, na yakiletwa kwenye nchi ambayo mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, hutoa mbelewele mapema yakiwa bado mafupi, kisha magonjwa ya kitropiki huyamaliza.

Kilichohitajika ni mahindi yaliyozoea baridi na pia siku za saa 12. Mahali palipo na vyote viwili ni milima ya juu iliyo karibu na mstari wa ikweta, na mojawapo ya nchi hizo imeitwa kwa jina la mstari wenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti wa mahindi wa kituo cha Kitale nchini Kenya, Michael Harrison, alikusanya mbegu kutoka Amerika ya Kati na Kusini. Miongoni mwake ilikuwemo mbegu ya kienyeji ya nyanda za juu za Ecuador iliyopewa namba 573. Huko Kitale, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, ilichanganywa na mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II, iliyotokana na mahindi meupe ya walowezi ambayo chimbuko lake ni Afrika Kusini. Watoto wa mchanganyiko huo waliwazidi wazazi wote wawili. Mwaka 1964 ukatolewa mseto ulioitwa H611, na kutoka ukoo huo zikazaliwa mbegu nyingine za namba 600, ikiwemo H614 ambayo jina lake halihitaji kutambulishwa kwa mkulima yeyote wa nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Namba hizo zina maana yake. Mbegu za mfululizo wa 600 zilikusudiwa nyanda za juu, za 500 mwinuko wa kati, Katumani maeneo makavu, na za Pwani, kama jina lake, ukanda wa pwani. H614 hupendekezwa kwa mwinuko wa mita 1,500 hadi 2,100. Kwa maneno mengine, mtu anaposema kuwa anapanda "mbegu ya Kitale", sehemu ya anachopanda ni urithi wa wakulima wa milima ya Andes ambao kwa vizazi vingi walichagua mahindi yaliyosalimika kwenye baridi.

Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha jinsi urithi huo ulivyo na thamani. Kwenye milima ya Mexico, mahindi yaliazima vinasaba kutoka kwa ndugu yake wa porini aitwaye teosinte. Kipande kimoja cha kromosomu ya nne, ambacho mpangilio wake umegeuzwa, kinahusishwa na kutoa maua mapema kwenye baridi, na mahindi ya milima hiyo hujulikana pia kwa mashina yenye vinyweleo na rangi ya zambarau. Huko Andes, kwa sehemu kubwa, mahindi yalijitafutia njia yake yenyewe. Matokeo yanafanana, vinasaba vinatofautiana. Hii ina maana kwamba mtafiti anayetaka mbegu bora zaidi ya nyanda za juu ana maghala mawili ya kuchota, na kwamba ustahimilivu wa baridi katika mahindi hautegemei jeni moja bali nyingi, kila moja ikichangia kidogo.

Kwa mpunga, bahati imekuwa kubwa kidogo. Mwaka 2015 wanasayansi wa China walitangaza jeni waliyoipa jina COLD1, ambayo huusaidia mmea kuhisi baridi na kujihami. Tofauti ya herufi moja tu katika maandishi ya jeni hiyo huchangia kuutenganisha mpunga wa kaskazini ya Asia, unaovumilia, na ule wa nchi za joto unaodhoofika. Jambo hili si geni kwa wakulima wa Mwea, Kenya, wanaolima Basmati 370 kwenye mwinuko wa karibu mita 1,150. Mpunga ukipatwa na baridi siku chache kabla ya kuchanua, chavua hufa na suke husimama wima likiwa na mapepe matupu. Japani ilionja shubiri hiyo mwaka 1993, pale kiangazi cha baridi kilipopunguza mavuno kwa karibu robo na taifa hilo linalojivunia mchele wake likalazimika kununua wa nje.

Ngano, kwa upande wake, ina kisa cha kinyume. Yenyewe ilitoka kwenye baridi, na aina zake nyingi za Ulaya haziwezi kuchanua bila kwanza kupita kwenye wiki kadhaa za baridi kali, sharti linalosimamiwa na jeni ziitwazo VRN. Ngano inayolimwa Kilimanjaro Magharibi ni ya aina zisizo na sharti hilo. Ulezi wa pombe ya mbege ni mtoto wa Afrika Mashariki lakini hupenda joto, na wazee wa Kichaga hawakuupeleka juu kwenye baridi. Waliulima chini, wakaunyweshea kwa mifongo.

Turudi kwenye mahindi, kwa sababu hapo ndipo penye utata ambao watunga sera hawajautazama vya kutosha.

Mbegu za Tanzania za nyanda za juu, kama UH 615 na UH 6303, zimetokana na kazi ya kituo cha Uyole, Mbeya. Ni mbegu nzuri na zimeheshimika Kusini. Lakini Mbeya na Rombo, pamoja na kwamba zote ni milima, zina kalenda mbili tofauti. Nyanda za Juu Kusini hupanda Novemba na Desemba; mahindi huchanua Februari na Machi kungali na joto, na baridi inapofika Juni hukuta punje zimekwisha jaa. Kilimanjaro hupanda mwanzoni mwa masika, Machi. Mbegu ya muda mrefu iliyopandwa juu mwezi huo hutoa mbelewele Juni au Julai, katikati ya ukungu.

Wakati mgumu kuliko wote kwa mmea, wa chavua kukutana na nywele za gunzi, ndio unaoangukia mwezi wa baridi kuliko yote. Kitale, ambako upandaji ni Machi na Aprili, kuna kalenda inayofanana zaidi na ya Kilimanjaro kuliko ya Mbeya. Mkulima wa Tarakea anayesema kwamba mbegu ya Kenya ndiyo inayomkubali anaweza kudhaniwa kuwa na kasumba ya kupenda vya nje. Hesabu ya miezi inaonyesha kuwa ana hoja.

Historia ya mpaka huu nayo ina la kusema. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kwa miaka hiyo Kitale ilikuwa mbali na Rombo kuliko kilomita zinavyoonyesha.

Leo njia halali ipo. Mbegu za Kitale huuzwa Tanzania kupitia kampuni tanzu, Kibo Seed, na Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu, TOSCI, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, huzikagua. Lakini aina mpya inayotolewa Kenya haipati ruhusa hapa kwa kuwa tu imefaulu upande wa pili wa Kilimanjaro. Zaidi ya hayo, Kenya imo katika mpango wa mbegu wa COMESA, jumuiya ambayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000, nayo Tanzania imo katika mpango wa SADC, ambako Kenya si mwanachama. Katika mipango yote miwili, aina iliyosajiliwa na nchi mbili wanachama inaweza kuuzwa kwa nyingine. Mahali ambapo mipango hiyo inapakana bila kugusana ni pamoja na hapa Holili, kati ya maduka ya pembejeo ya Taveta na ya Himo.

Wapo wanaosema dawa ni kufumba macho na kuiacha mikoba ipite. Hoja hiyo ni ya hatari. Mwaka 2011 huko Bomet, Kenya, uligunduliwa ugonjwa wa mahindi unaoua shamba zima, unaosababishwa na virusi wawili wanaposhirikiana, na baadaye ukaingia Tanzania. Aina nyingi zilizokuwa sokoni hazikuwa na kinga. Mmoja wa virusi hao anaweza kusafiri ndani ya mbegu, japo kwa kiwango kidogo. Isitoshe, pakiti isiyokaguliwa inaweza kuwa na chochote: mahindi ya kula yaliyopakwa rangi, au mbegu halisi iliyokusudiwa mwinuko mwingine kabisa.

Kosa hili la mwisho hutokea pande zote mbili za mteremko. Mkulima wa Holili akivutiwa na sifa za H614 ataona mabua marefu yenye kupendeza, kisha mvua itakatika kabla ya kubeba punje. Wa juu akichukua mbegu ya muda mfupi iliyosifiwa redioni kwa kuwahi kukomaa ataona mimea dhaifu yenye majani ya manjano na mahindi yenye mapengo. Wote wawili watailaumu kampuni au duka, na wote wawili pengine walinunua mbegu halali kabisa.

Serikali ilianza kutoa ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/23, na baadaye ikaongeza mbegu za mahindi. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, ruzuku inayomtambua mkulima kwa namba ya usajili na wilaya yake bila kujali mwinuko wa shamba inaweza, wilayani kama Rombo, kumpunguzia bei ya mbegu isiyomfaa. Wachaga wengi kwa desturi wana kihamba juu na shamba jingine tambarare. Mtu huyo mmoja anahitaji mbegu za aina mbili, na daftari linamwona kuwa mmoja.

Upande wa utafiti, mjadala wa vinasaba nchini umetekwa kwa miaka mingi na suala la GMO, hasa baada ya majaribio ya mahindi ya Makutupora, Dodoma, kusimamishwa mwaka 2018. Ustahimilivu wa baridi hauhitaji kusubiri mjadala huo uishe. Jeni zinazotakiwa zimo tayari ndani ya mahindi yenyewe. Kazi iliyopo ni ya kuzaliana na kuchagua, ikisaidiwa na vipimo vya maabara vinavyoonyesha mche upi umerithi kipande kipi, bila kusubiri miezi saba ya mavuno.

Inachohitaji kazi hiyo ni fedha na vituo. Kampuni binafsi huelekeza nguvu kwenye mwinuko wa kati kwa sababu ndiko kwenye wateja wengi; hakuna wa kuzilaumu kwa hilo. Soko la mita 1,700 za Rombo ni dogo, na kwa hiyo ni jukumu la taasisi ya umma, TARI, yenye kituo chake cha Selian jijini Arusha, kuwa na vishamba vya majaribio vinavyopanda mlima ngazi kwa ngazi.

Wapo pia watakaouliza kwa nini kuhangaika na baridi wakati dunia inapata joto, na Kilimanjaro yenyewe ilikwisha poteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake kati ya mwaka 1912 na 2007. Ni kweli kwamba nyuzi moja ya ongezeko la joto ni sawa na kuushusha mlima kwa mita 170 hivi, na kwamba mbegu za mwinuko wa kati zitapanda taratibu. Lakini joto la wastani haliondoi mwezi mmoja wa ukungu, na msimu unaochelewa kwa sababu masika yamechelewa huusukuma uchanuaji ndani zaidi ya Julai. Aidha, mkulima hawezi kulifuata joto analolitaka kwa kuhamisha shamba. Juu ya mashamba kuna msitu, na msitu huo umekuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005. Tangu bei ya kahawa ilipoporomoka miaka ya mwanzo ya 2000, baadhi ya wakulima walikwisha jaza mahindi palipokuwa na mibuni, kwenye ukanda ule ule wa baridi.

Katika baadhi ya vihamba vya juu, mahindi ya mbegu bado huning'inizwa juu ya mafiga, moshi ukiyalinda dhidi ya wadudu. Mengi ni machotara ya zamani yaliyorudiwa kupandwa na kuchanganyika na ya majirani. Mtaalamu atasema yamepoteza nguvu ya uchotara, na atakuwa sahihi. Lakini yamechujwa na baridi ya Julai kwa miaka mingi mfululizo, jaribio ambalo hakuna kituo kilichowahi kuligharamia. Benki ya taifa ya nasaba za mimea ipo Arusha, safari ya saa chache kutoka Rombo.

Maduka ya pembejeo ya Himo, Mkuu na Tarakea hujaza mbegu kabla ya masika. Jina la kampuni na bei husomeka tangu mlangoni. Mwinuko, pale ulipoandikwa, mara nyingi uko nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo.